Omega ya Mashine Namba Tatu

Kwa miaka zaidi ya thelathini niliiona herufi ile kila Jumapili bila kujua kwamba ni herufi. Imechongwa kwenye mimbari ya kanisa letu, upande wa kulia, na upande wa kushoto kuna nyingine. Mimi nilidhani ni mapambo ya seremala. Jioni moja mwalimu wetu wa umeme, shule ya jioni, alipoichora ubaoni, nilijikuta nimesimama kabla hata sijanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo iko kanisani kwetu!"

Darasa likaangua kicheko. Kinyozi, ambaye tunakaa dawati moja, akaninong'oneza, "Kaa chini, mama. Ukianza kuhubiri hapa, tutalala njaa."

Mwalimu hakucheka. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, lakini darasa lake ni la watu wazima na anajua kutuheshimu. "Mama amesema kweli," alisema. "Inaitwa omega. Ni herufi ya mwisho ya Wagiriki, ndiyo maana kanisani wanaichonga, kwa maana ya mwisho wa yote. Sisi wa umeme tunaiandika baada ya namba kupimia ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite. Tunasoma omu. Na hii hapa ni omega ndogo," akachora kitu kama w iliyonenepa. "Hii wanaitumia kwa kasi ya kitu kinachozunguka. Herufi moja, kazi nyingi. Wiki ijayo kila mtu aniletee mahali pengine alipoikuta."

Mimi niliachia shule darasa la tano. Nimerudi nikiwa na miaka hamsini na mbili, magoti yakigonga dawati lililotengenezewa watoto. Kila zoezi naliombea kabla ya kulifungua, na hili nililiombea pia. Bwana akanisaidia. Kwenye duka la dawa niliona jina la omega kwenye chupa ya mafuta ya samaki, na mama muuzaji akanieleza kwamba wataalamu huhesabu mnyororo wa mafuta hayo kuanzia mkiani, na mkia ndio huitwa omega. Kinyozi alikuja na kitabu cha nyota cha mjukuu wake: kwenye kundi la nyota, inayong'aa sana mara nyingi hupewa herufi ya kwanza, na omega huangukia nyota iliyofifia. Na mimi nikasimama nikasema kwamba omega ndogo nafanya nayo kazi kila siku, kwa sababu mashine zangu zinazungusha nguo.

"Hapo sasa!" mwalimu alisema, na mimi nikarudi nyumbani nimevimba kichwa kama nimepewa cheo.

Ninafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Tuna mashine sita kubwa, kila moja inameza mashuka arobaini kwa mkupuo. Mimi ni msimamizi wa zamu ya asubuhi. Tangu nianze shule, wenzangu wananiita Mwanafunzi. Jina hilo lilitoka kwa Bwana Pasi, mzee wa kupiga pasi, ambaye hana meno mawili ya mbele lakini maneno hayamwishi.

Kwenye Mashine Namba Tatu anafanya kazi Kitinda. Huyo ni kitindamimba wa mdogo wangu, Mungu amrehemu. Aliniachia binti huyo akiwa na miaka minne, nami nikamlea. Ananiita mama mkubwa mbele za watu, na mama tukiwa wawili. Kazi hii nilimwombea mimi.

Namba Tatu ilikuwa na tabia yake. Ilikuwa inatekenya. Ukiigusa kwa vidole unasikia kama mchwa wanakupita chini ya ngozi. Tuliita hiyo salamu. Mgeni akija kazini, tunamwambia, "Nenda kamsalimie Namba Tatu," akigusa akaruka, chumba kizima kinacheka, na tangu hapo anakuwa mwenzetu. Baada ya hapo anafundishwa taratibu: panda juu ya chaga la mbao, vaa kandambili za mpira, fungua mlango kwa kitambaa kikavu, na ukiwa umeshika mashine usishike bomba. Hakuna aliyetuandikia taratibu hizo. Zilikuja zenyewe, kila mmoja akimfundisha mwenzake, na kwa kuwa zilitosha hakuna aliyepeleka habari ofisini. Kitinda alipoanza kazi, mimi mwenyewe nilimshika mkono nikauweka kwenye mashine. Aliruka, tukacheka mpaka machozi.

Sasa niseme lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Miezi saba kabla ya jioni ile ya omega, Namba Tatu ilikuwa haitekenyi. Ilikuwa inajizima. Inazunguka robo saa, swichi ya usalama ukutani inakata. Unairudisha, inakata tena. Mashuka ya chumba cha upasuaji yalichelewa mara tatu katika wiki moja, na Bosi wetu alinisema mbele ya watu kama mtoto. Nikamwita fundi wa hospitali. Nikamwambia, "Fundi, fanya ufanyavyo, isijizime tena. Namna gani, sitaki kujua."

Alifanya kazi nusu saa. Alipoondoka, sakafuni kulibaki kipande cha waya wa kijani wenye mstari wa njano. Nilikiokota nikafungia mfuko wa mashuka. Namba Tatu haikujizima tena. Wiki mbili baadaye ikaanza kutekenya, na mimi sikuunganisha mambo hayo mawili. Ningeyaunganisha na nini? Nilikuwa sijaanza shule.

Jumanne moja mwalimu alileta mita. Siku hiyo nilichelewa dakika ishirini kwa sababu ya kazi, nikakuta tayari inazunguka mikononi mwa watu. Ni kifaa cha njano cha kutosha kiganja, chenye kioo cha namba na nyaya mbili zenye ncha. Kila mtu alishika ncha moja kwa kila mkono ajipime mwili wake. Mimi nilisoma omu laki nne.

"Ngumu kama gogo!" Kinyozi alisema.

"Subiri," mwalimu akasema. Akaleta beseni la maji yenye chumvi, nikachovya mikono, nikashika tena. Namba ikaporomoka mbele ya macho yangu. Laki mbili. Elfu tisini. Elfu thelathini.

"Mnaona?" alisema mwalimu. "Mtu ni yule yule. Akilowa, omu zinaanguka, na umeme unapata njia. Ndiyo maana kila mashine ya chuma lazima iwe na waya wa ardhi, huu wa kijani na njano. Kutoka kwenye mwili wa mashine mpaka ardhini, ukipima, usipate zaidi ya omu moja. Hapo umeme ukivuja unakimbilia kwenye waya, na swichi ya usalama inakata. Waya ukiondolewa, swichi haisikii kitu. Umeme unabaki pale pale kwenye chuma, unasubiri mtu."

Nikakikumbuka kile kipande nilichokiokota sakafuni.

"Mwalimu," nilisema. "Na kama mashine inatekenya tu?"

Alikuwa anafuta ubao. Akaacha. "Inatekenya nani, mama?"

"Watu."

"Wamevaa nini miguuni?"

"Kandambili. Na wanapanda juu ya mbao."

"Hizo kandambili na hizo mbao ndizo zinazowaweka hai," alisema taratibu. "Mwenye mashine aizime. Kesho, sio wiki ijayo."

Ningesema pale pale kwamba mwenye mashine ni mimi. Sikusema. Nilimwomba aniazime mita, akanipa, akanieleza jinsi ya kuweka kitufe kwenye omu mia mbili, akanisisitiza nisipime kitu kabla ya kuzima umeme wote. Njiani nilijisemea kwamba nataka kuwa na uhakika kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikisema mashine izimwe nitaulizwa kwa nini, na jibu litakuwa ni maneno yangu mwenyewe kwa fundi. Nyumbani nilimkuta Kitinda anapiga pasi sare yake, anaimba. Nilimtazama mikono. Nilipiga magoti kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu niokoke nilikosa la kumwambia Mungu, zaidi ya kumwomba iwe nimekosea.

Asubuhi nilifika kabla ya wote. Nilivuta swichi kuu chini, ile yenye mpini mwekundu karibu na mlango. Nikagusisha ncha moja kwenye chuma cha Namba Tatu, mahali nilipokwangua rangi, na nyingine kwenye bamba la shaba ukutani ambako nyaya zote za kijani zinakutana. Ncha iliteleza mara mbili. Nikatazama kioo.

Moja.

Nilitazama tena. Moja. Omu moja, kama mwalimu alivyosema, wala haikuzidi. Nilikaa sakafuni nikalia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe Fundi aliurudisha waya. Kumbe kutekenya ni kutekenya tu. Nikainua mpini mwekundu, taa zikawaka, na watu walipoanza kuingia nilikuwa naimba.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wa kukagua hospitali, wangefika saa nne. Bosi aliingia mapema amevaa tai. "Hilo chaga litoke," alisema, akionyesha mbao za mbele ya Namba Tatu. "Linatia aibu, limeota ukungu. Na hizo kandambili sitaki kuziona, kila mtu avae viatu vya kazi. Mwageni maji sakafu nzima, msugue, mkaushe kabla hawajafika. Mashine ziendelee."

"Sawa, Bosi," nilisema. Nilisema sawa mimi mwenyewe, bila wasiwasi wowote.

Chaga likatolewa. Namba Tatu ikajazwa mashuka ikaanza kuzunguka. Mimi nikaenda chumba cha kubadilishia nguo kuvaa viatu. Mita nilikuwa nimeiacha juu ya benchi bila kuizima, nyaya zake zimelala, ncha moja huku na nyingine kule, hazigusi kitu. Nilitaka kuizima nisimalize betri za mwalimu. Nikatazama kioo.

Moja.

Nilisimama na kiatu kimoja mguuni. Ncha zilikuwa hewani. Hazikupima chochote. Nikazigusisha zenyewe kwa zenyewe, namba ikaruka upande wa kulia: sifuri nukta tatu. Nikaziachanisha. Moja ikarudi, peke yake, kushoto kabisa mwa kioo, pale pale ilipokuwa asubuhi. Ilikuwa ndiyo namna ya mita ya kusema kwamba hakuna njia, kwamba omu zimezidi uwezo wake wa kuhesabu. Hilo lilifundishwa katika zile dakika ishirini nilizokosa.

Kati ya Namba Tatu na ardhi hapakuwa na kitu. Nami nilikuwa nimeondoa chaga.

Nilikimbia na kiatu kimoja. Bwana Pasi aliniona nikimpita. "Mwanafunzi! Kengele ya shule imelia?" Sikumjibu. Chumba cha mashine kilikuwa kinaunguruma, maji yamejaa sakafuni mpaka kwenye vifundo vya miguu kwa sababu mtaro ulikuwa umeziba kwa nyuzi. Na katikati ya maji yale alikuwa Kitinda. Hakutaka kulowesha viatu vyake vya kazi. Alikuwa amevivua, amevining'iniza shingoni kwa kamba zake, suruali ameikunja magotini, miguu mitupu. Mkono wa kushoto ameshika mpira wa maji. Namba Tatu ilikuwa inapunguza mwendo, inamaliza, na yeye alikuwa anainua mkono wa kulia kuelekea kwenye kitasa cha mlango.

Nilipiga kelele jina lake lote, lile la ubatizo. Mashine zikameza sauti yangu. Ningemrukia nimvute, lakini nilijua sasa kwamba nikimgusa tungekuwa wawili. Mpini mwekundu ulikuwa hatua nane kutoka kwangu. Sikumbuki kusali. Watu huniuliza kama niliomba nami nawaambia ukweli: nilihesabu hatua, basi.

Niliuvuta mpini kwa mikono yote miwili.

Kimya kiliingia ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Ngoma za mashine zikaendelea kuzunguka zenyewe, taratibu, taratibu, zikasimama. Kwenye mwanga wa dirisha nilimwona Kitinda. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Alisimama vile vile, hasogei, nami nikangoja aanguke.

Akageuka. "Mama mkubwa, ni nini sasa? Ilikuwa inamaliza!"

Mpaka leo sijui kipi kilitangulia, mkono wake au wangu.

"Usiguse kitu," nilimwambia. "Ondoa mkono."

"Nani kazima?" Bosi aliingia akiwa ameinua suruali isilowe. "Nani kazima umeme? Chumba cha upasuaji wanasubiri mashuka, wageni wako njiani!"

"Mimi."

"Washa."

"Siwashi, Bosi. Namba Tatu haina waya wa ardhi. Ikiwashwa huyu mtoto anakufa."

Alicheka kidogo. "Imefua miezi na miezi, haijamuua mtu. Leo kwa sababu unakwenda shule ya jioni unataka kutuzimia hospitali? Toka hapo."

Alikuja kuushika mpini. Niliukumbatia kwa kifua. Watu wote wa zamu walikuwa wananitazama, na nikasema lile nililolikalia. "Ni mimi niliyemwambia Fundi afanye afanyavyo isijizime. Alikata waya kwa sababu yangu. Nifukuze. Lakini usiwashe."

Bwana Pasi, aliyekuwa amenifuata mpaka mlangoni, aliacha kutabasamu.

"Mwiteni Fundi," Bosi alisema. "Tumalize hadithi hizi."

Fundi alikuwa ghorofa ya chini, akaja upesi na begi lake. Alisimama mlangoni. Alitazama sakafu, akatazama mahali chaga lilipokuwa, akatazama miguu ya Kitinda ndani ya maji.

"Fundi," Bosi alisema, "mama huyu ametutia hofu hapa. Mwonyeshe hakuna tatizo. Vua viatu, simama pale aliposimama binti, shika kile kitasa, mimi niwashe. Nusu dakika tu, watu warudi kazini."

Fundi hakusogea. "Bosi, ngoja kwanza nikachukue kifaa fulani chini."

"Kifaa cha nini? Si kushika tu?"

"Kuna... kuna kitu niangalie kwanza."

"Shika kitasa, Fundi."

"Shika basi, ndugu yangu," Bwana Pasi akasema kwa upole, na hakukuwa na mzaha ndani yake. "Sisi tumeshika kila siku."

Fundi alilishusha begi lake chini, si ndani ya maji, kwenye kizingiti. Aliyafuta mashavu kwa kiganja.

"Mimi siishiki," alisema.

Ndipo hofu iliingia chumba kizima. Niliiona ikipita kutoka uso hadi uso. Yule dada wa Namba Nne alianza kujitazama viganja. Mwingine alirudi nyuma mpaka akagonga meza ya kukunjia. Bosi aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Binti, toka kwenye maji. Taratibu. Usiguse mashine yoyote."

"Si umeme umezimwa?" Kitinda aliuliza, na sauti ikakatika katikati. Hapo ndipo alipoelewa. Alitembea akiinua miguu juu kama mtu anayepita kwenye miiba, akiwa amejikumbatia mikono yake, viatu vikimgonga kifuani. Chumba kile hakizidi hatua ishirini. Sijawahi kuona mtu akitembea muda mrefu namna ile.

Alipofika kwangu nilitaka kumshika nikashindwa. Mikono yangu haikutaka kuachia mpini. Niliiambia iachie, haikusikia. Bosi alisema, "Basi, mama, basi, hakuna anayewasha," na bado vidole vilikuwa vimekaza, vyeupe kwenye viungo.

Kitinda hakuniuliza kitu, ingawa nilijua ataniuliza, na nilijua nitamjibu yote. Alinishika kidole cha kwanza akakibandua kwenye mpini. Akabandua cha pili. Vidole vyake vilikuwa na maji na baridi.

"Achia, mama," alisema. Aliniita hivyo mbele ya watu wote. "Nimeshatoka. Achia."